Mnamtunza Harusini, Mnamfukuza Kliniki

SEHEMU YA KWANZA

Nimetoka zamu ya jioni, miguu imejaa kama ya mjamzito wa wiki 38, nilipanga kuoga na kulala. Nikafanya kosa la kufungua simu. Ile klipu nimeikuta kwenye magrupu matatu, na moja ni grupu letu la kliniki, ambalo nililianzisha mwenyewe ili tukumbushane tarehe za chanjo na siku za mizani.

Kwa wale ambao haijawafikia, na ikiwafikia naomba iishie kwenu: ni vipande viwili vimeunganishwa. Cha kwanza, kijana anacheza kwenye mkesha wa harusi. Kavaa dera, kajifunga kanga kiunoni, kope za bandia, na kina mama wanampigia vigelegele. Cha pili, kijana huyo huyo kakaa kwenye benchi la kituo cha afya, shati na suruali kama mtu mwingine yeyote, kadi mkononi, anasubiri kuitwa. Anayerekodi kajificha nyuma ya nguzo, anacheka mpaka picha inatikisika. Juu wameandika kwamba bibi harusi kafuata dozi.

Sasa nyie. Vikatuni vya kucheka niliacha kuvihesabu vilipofika arobaini. Mmoja kauliza kama kaja kupima ujauzito. Mwingine kasema watu hao wasiruhusiwe kukaa benchi moja na watoto. Na wewe, sitakutaja, uliyeandika "wamezidi", ndiye uliyenivuta mkono koridoni ukaniomba kwa machozi nisiite jina lako kwa sauti pale dirishani. Nilikubali. Sijaliita kwa sauti tangu siku ile mpaka leo.

Nilianza kuwajibu palepale grupuni, nikafuta. Hasira za saa tano usiku hazina adabu. Nitaandika hapa kwa vipande maana ni ndefu, na wenye watoto wachanga mtasoma mkinyonyesha.

SEHEMU YA PILI

Tuanze harusini, huko ndiko tunakojuana.

Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye ngoma. Tangu nipate akili sijaona singo wala mkesha wa maana uliokosa kijana wa aina hiyo. Ndiye anayempaka bibi harusi hina na piko, ndiye anayemfunga kilemba, ndiye anayeingia katikati ya duara kibao kata kikikolea na kuwashinda wanawake wote kwa kiuno. Mnamwita shoga yangu. Neno hilo hilo tunaloitana sisi kwa sisi tukikopeshana kanga, mkimwita yeye usoni lina sukari, akigeuza mgongo lina sumu. Na mnamtunza! Noti ya elfu mbili pajini, ya elfu tano kifuani, na bado mnasukumana kugombea zamu.

Na runinga je? Wachekeshaji wetu wanaovaa gauni, wigi na matiti ya soksi mnawatazama na watoto sebuleni. Mtoto anaigiza ile sauti, mnacheka, mnamwambia rudia shangazi asikie. Sijasikia aliyezima runinga akasema mwanangu ataharibika.

Kwa hiyo msiniambie shida ni dera. Dera mmelilipia. Shida imeanza pale alipolivua, akavaa shati, akaja kukaa kwenye benchi kama binadamu mwenye mwili unaougua. Akiwa kichekesho ni wetu. Akiwa mgonjwa ni wa nani?

Pale alipokaa panaitwa Kliniki ya Tiba na Matunzo. Wote tumezoea kusema CTC, na kwa kufupisha tumesahau lile neno la mwisho. Matunzo. Nyie mnajua kutunza ngoma inapolia tu.

SEHEMU YA TATU

Kabla hamjasema nesi anajifanya malaika, niseme la kwangu.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, alikuja mgonjwa mwanaume na tatizo mahali ambapo mtu haonyeshi kirahisi. Sitasema umri wake, wala mtaa, wala kituo. Kisa chake si changu kusimulia. Changu ni hiki: mwenzangu aliyekuwa akimhudumia alitoka nje ya pazia akatuita kwa jicho. Tukaenda mmoja mmoja, tukijifanya tunatafuta pamba. Mimi nilikuwa wa tatu. Nikatazama, nikarudi chumba cha sindano, nikacheka na wenzangu huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Pazia ni kitambaa jamani, si ukuta. Alisikia kila kitu.

Aliandikiwa arudi baada ya siku saba. Hakurudi. Wala baada ya kumi na nne, wala baada ya mwezi. Baadaye nililiona faili lake likihamishiwa kwenye kabati la waliopotea. Kabati kama hilo lipo vituo vingi, na sijawahi kusikia kikao kinachouliza waliopotea wamepotezwa na nani.

Ndiyo maana klipu ile nimeitazama mara moja tu. Ule mkono unaotikisika nyuma ya nguzo naujua.

Sasa nataka mumjue mtu wa namna hii kwa jina lake, maisha yake na kifo chake, si kwa kiuno chake. Lakini kiapo hakiniruhusu kuwaletea mgonjwa wangu hata mmoja. Kwa hiyo nimemtafuta aliyejitangaza mwenyewe, kwa hiari yake, kwa ajili ya wenzake. Alikuwa nesi kama mimi, na alikuwa anavaa mavazi ya kike hadharani. Ni mbali, San Francisco huko Marekani, na ni zaidi ya miaka 40 iliyopita. Vumilieni, safari hii inarudi mpaka kwenye benchi la wajawazito.

SEHEMU YA NNE

Aliitwa Bobbi Campbell. Alizaliwa Georgia mwaka 1952, akakulia Tacoma katika jimbo la Washington, akasomea uuguzi katika chuo kikuu cha jimbo hilo, na mwaka 1975 akahamia San Francisco. Kulikuwa na mtaa unaitwa Castro, ambao wanaume wanaopenda wanaume walikuwa wameufanya kwao. Mwaka 1981 akarudi darasani kujiendeleza kiuuguzi, nia yake ikiwa ni kuhudumia afya ya watu wa jamii yake.

Septemba mwaka huo huo alikwenda kutembea milimani na mpenzi wake. Aliporudi akaona madoa ya zambarau miguuni, akadhani ni malengelenge ya viatu. Hayakupona. Oktoba 8 daktari akamwambia ni saratani ya Kaposi. Alikuwa mtu wa 16 kukutwa nayo San Francisco.

Mjue ulikuwa wakati gani. Taarifa ya kwanza kabisa ya kitabibu, ya vijana watano wa Los Angeles, ilikuwa imetoka Juni tu. Ugonjwa haukuwa na jina. Hapakuwa na kipimo wala dawa, na kirusi chenyewe kilikuja kuonekana mwaka 1983 maabara ya Paris. Hakuna aliyejua kama unaambukizwa kwa pumzi, kwa kijiko au kwa jasho.

Nesi huyu alipiga picha madoa yake, akazipeleka kwenye duka la dawa la pale Castro, Star Pharmacy, zikabandikwa dirishani: ukiona kitu kama hiki mwilini mwako, nenda hospitali. Desemba akaanza kuandika kwenye gazeti la San Francisco Sentinel, kwa jina lake, kuhusu ugonjwa wake. Ndiye wa kwanza kujitangaza hadharani. Watu wanasahau picha ile ilihitaji nini. Sisi tuna wanaosafiri wilaya mbili kuchukua dawa ili wasionekane na jirani, na siwalaumu hata kidogo. Yeye aliyabandika madoa ya mwili wake kwenye kioo cha dukani, mtaani kwake, jirani wapite wasome.

Sasa tuje kwenye mavazi, najua mnayasubiri. Tangu Pasaka ya 1979 kulikuwa na kikundi cha wanaume pale mjini waliovaa kama masista wa Kikatoliki, nyuso zimepakwa rangi, wakijiita Sisters of Perpetual Indulgence. Niseme ukweli wangu: sikupenda. Mimi Muislamu, lakini ukunga nimefundishwa na masista wa kweli, waliokesha na sisi usiku mzima, na mmoja ndiye aliyenifundisha kusoma tumbo la mama kwa vidole kabla ya chombo chochote. Kuona vazi lao limefanywa mzaha kulinikwaza na bado kunanikwaza. Wakatoliki waliochukia nawaelewa. Ila nilipoendelea kusoma walichokuwa wakifanya wakiwa wamevaa hivyo, sauti ilinipungua. Walikuwa wanachangisha fedha za wagonjwa. Waliandaa hata mashindano ya mbwa mtaani ili pesa ipatikane. Bobbi akajiunga, akajipa jina la Sister Florence Nightmare. Manesi mnaosoma hapa mmeshacheka, maana mama wa kazi yetu ni Florence Nightingale, na hilo Nightmare ni jinamizi la usingizini. Nyuma ya jina akaongeza cheo chake, nesi aliyesajiliwa. Jina lilikuwa mzaha, cheo hakikuwa mzaha.

Mwaka 1982 yeye na sista mwenzake, ambaye pia alikuwa nesi, wakishirikiana na wengine, wakatoa kijitabu kinaitwa Play Fair! Gono, kaswende, homa ya ini, na huu ugonjwa mpya, vyote kwa lugha ya mtaani na kwa utani. Ni kati ya vijitabu vya kwanza kabisa duniani kuzungumzia ngono salama kwa uwazi, kikaandikwa kabla hata kirusi hakijajulikana. Hakikukaa kwenye rafu ya hospitali. Kiligawiwa kwenye maandamano ya Juni, yale ambayo siku hizi dunia nzima inayaita Pride.

Najua Pride kwenu ni ile video ya wanaume nusu uchi juu ya lori. Mimi pia nimeiona, na kuna mavazi ambayo ningemfunika mwanangu macho, kama ninavyomfunika kwenye vigodoro vyetu vya Mbagala. Lakini niambieni, wale vijana wa 1982 wangeingia lini hospitalini wenyewe kuomba somo la kinga? Wasingeingia. Kwa hiyo manesi waliwafuata kwenye ngoma yao, wamevaa nguo za ngoma, dawa ya maneno mkononi. Sisi tunafanya hivyo kila mwezi. Tunabeba kisanduku cha baridi, tunapanda pikipiki, tunawafuata watoto vijijini chini ya mwembe. Tunaita huduma ya mkoba.

Haya. Alitokea kwenye jalada la jarida la Newsweek Agosti 1983, kamkumbatia mpenzi wake, Bobby Hilliard. Julai 1984 alisimama mbele ya umati wa maandamano mjini humo, akawaomba wakae kimya sekunde 15 kwa ajili ya waliokwisha kufa na watakaofuata. Wiki chache baadaye televisheni ya taifa ikamhoji. Walimweka ndani ya chumba cha kioo. Mafundi walikataa kumsogelea kumfunga kipaza sauti. Nesi, mtu aliyeshika wagonjwa wa watu miaka yote hiyo, hakuna wa kumshika kola ya shati.

Akafa Agosti 15, 1984, saa sita mchana, San Francisco General. Alikuwa na miaka 32. Kitandani walikuwapo Bobby Hilliard, na baba yake, na mama yake.

Hapo kwenye mama yake nilisimama kusoma nikaenda kuchemsha maji. Mnajua nimeona vitanda vingapi ambavyo mama hakuja? Ambavyo tunapiga simu, inaita, inaita, kisha inazimwa? Mwili unakaa mochwari, na anayekuja kuuchukua ni rafiki mmoja mwenye kope za bandia, mkoba wa hina begani.

SEHEMU YA TANO

Nilisema safari inarudi kwenye benchi la wajawazito.

Juni 1983 kulikuwa na mkutano wa UKIMWI mjini Denver. Madaktari na manesi wanajadili wagonjwa. Wagonjwa kama dazani hivi, Bobbi akiwemo, wakapanda jukwaani na karatasi yao wakaisoma. Walikataa kuitwa wahanga. Wakadai waitwe watu wenye UKIMWI, watu kwanza. Wakadai siri ya faili, matibabu bila ubaguzi, na nafasi kwenye kila kikao kinachoamua habari zao. Karatasi ile inajulikana mpaka leo kama Kanuni za Denver. Desemba 1994 nchi 42 zilikutana Paris zikakubaliana kwamba wanaoishi na virusi lazima washirikishwe katika mapambano. Waliokuwa wamelisema jambo hilo miaka kumi na moja nyuma ni watu wale wale waliokataliwa hata kufungwa kipaza sauti.

Na kwetu? Mwaka huo huo wa 1983 ndipo wagonjwa watatu wa kwanza Tanzania walipotambuliwa, mkoani Kagera. Watu wa kule mnakumbuka uliitwa Juliana, jina la vitambaa vilivyovuka mpaka. Hakuna aliyeuliza huyu kavaa dera au suruali. Uliua waume na wake na watoto, ukaacha nyumba za bibi na wajukuu. Mwaka 1989 likaanzishwa shirika la WAMATA, walio katika mapambano na UKIMWI Tanzania. Hebu lisomeni jina hilo taratibu. Walio katika mapambano, si wahanga wala marehemu watarajiwa.

Sasa wewe mama uliyepimwa ukiwa na ujauzito ukakutwa na virusi. Aliyekukalisha kwenye kile chumba kidogo akakwambia "hata mimi ninao, na mwanangu huyu hapa anasoma darasa la nne, mzima", alikuwa nani? Si daktari. Ni mama mwenzako anayeishi na virusi, kafundishwa, kapewa kiti kliniki. Wazo la kwamba mgonjwa ni mwalimu na si kielelezo cha kuonyeshwa wanafunzi, ndilo lile la Denver. Mama asipopata dawa, hatari ya mtoto kuambukizwa ni asilimia 15 hadi 45. Akipata na kuzimeza vizuri, inashuka chini ya asilimia 5. Katikati ya namba hizo mbili kuna vidonge, ndiyo, lakini kuna pia mtu aliyekufanya usikimbie siku ya kwanza. Ukimtukana yule kijana wa kwenye benchi, mjue mmeketi kwenye benchi lililochongwa na wenzake.

SEHEMU YA SITA

Mmeniandikia. Nawajibu mafungu mafungu.

"Nesi unafundisha watoto wetu ushoga." Miaka 19 kazini, nusu yake wodi ya wazazi na kliniki ya watoto. Nimeona watoto wakiambukizana surua, upele, mafua na tabia ya kung'ata. Sijaona aliyeambukizwa namna ya kupenda kwa kukaa benchi moja na mtu. Wale wale mnaosema ataiga mmemkalisha mtoto mstari wa mbele mkeshani miaka yote. Kama ni kuiga angeshaiga kiuno, na kwa kweli wengi wameiga, na ni mabinti zenu.

"Sheria inakataza." Najua, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mimi si bunge. Lakini kuna sheria nyingine nayo ni ya nchi hii hii, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayokataza kutoa siri ya majibu ya mtu na inakataza kumnyanyapaa. Haikuandikwa "isipokuwa wale wanaocheza harusini". Aliyejificha nyuma ya nguzo na simu ndiye aliyekuwa anavunja sheria mchana ule. Aliyekaa na kadi yake alikuwa anafanya kile ambacho kila bango kituoni linamwambia afanye.

"Ni mambo ya Wazungu." Jina la Pride ni la kwao, maandamano ni ya kwao, na waliojaribu jirani zetu Uganda, pale Entebbe mwaka 2012, walikuwa wachache mno na yaliyofuata nchini mwao mnayajua. Sisemi tuandamane Barabara ya Samora. Lakini yule kijana kwenye duara la kibao kata, Mzungu gani alimleta? Bibi yangu alikuwa anawajua kwa majina, na bibi yangu hakuwahi kuvuka mto Pangani.

"Dini." Hapa nanyamaza, kila mtu na kitabu chake. Nasema tu kwamba masista walionifundisha walikuwa na kitabu chao pia, na hawakuwahi kumuuliza mgonjwa kalala na nani kabla ya kumfunga kidonda.

Lipo moja ambalo hakuna aliyeliandika hadharani, nimeletewa faragha na kina mama wanne tofauti: "Nesi, mwanangu ninamuona yuko hivyo, nimemtafutia mchumba, atatulia." Mama yangu. Mdogo wangu. Nakuomba kwa heshima zote. Usimfanye binti wa mwenzio kuwa dawa. Wiki ya 12 ya ujauzito binti huyo anakaa mbele yangu, kipimo kinatoa mistari miwili, na ananiuliza kapata wapi wakati hajawahi kumjua mwanaume mwingine. Mwanao alikuwa na dawa zake, akaziacha, kwa sababu angeonekana kliniki, kwa sababu mtu angemrekodi. Mtu akimeza dawa mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hilo limethibitishwa. Akizitupa chooni kwa sababu ya klipu, virusi vinarudi, na havirudi kwake peke yake. Mnacheka mkidhani mnamcheka yeye, kumbe mnamcheka mkweo na mjukuu ambaye bado hajazaliwa.

Februari 2017 Serikali ilisimamisha huduma za UKIMWI kwenye vituo 40, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Ambao wangeenda kule walitakiwa waje kwenye vituo vya kawaida, yaani kwetu, dirishani kwangu. Sawa, waje. Ila wakija wakute dirisha, wasikute kamera.

SEHEMU YA SABA

Hii fupi, mtoto wangu ana homa na nimechoka.

San Francisco General, mwaka mmoja kabla Bobbi hajafia hapo, manesi walifungua wodi ya kwanza ya aina yake, 5B. Kila nesi aliyefanya kazi mle alijitolea kwenda. Walikaa kitandani na wagonjwa, waliwashika mikono bila glavu wakati hospitali nyingine zinasukuma sahani ya chakula kwa mguu, na waliacha mgonjwa mwenyewe aseme nani ni familia yake. Vifaa havikuwa vya ajabu. Hata sisi tunaweza, tena bila bajeti.

Kwangu nimeanza hivi. Tangu jana dirishani hatuiti majina, tunaita namba, kwa wote, wajawazito, watoto, CTC, sukari, presha. Wazee wamelalamika kwamba wanasahau namba, tumewaandikia kwa kalamu mkononi. Simu hairuhusiwi kuinuliwa kwenye foleni. Nimebandika karatasi, na atakayerekodi nitamtoa mimi mwenyewe, awe na mtoto mgongoni au asiwe naye. Na vijana wawili wauguzi wa mafunzo kazini nimewaambia habari ya pazia, ile ya sehemu ya tatu, pamoja na jina langu ndani yake.

Grupuni klipu nimeifuta. Nyie mlioihifadhi kwenye simu zenu futeni, na mkiombwa semeni haipo. Uliyeandika "wamezidi" umenipigia leo mchana. Tumeongea, yamekwisha, na jina lako bado silijui.

Tangu juzi namba tatu zimejitoa kwenye grupu letu. Inaandika tu ameondoka, ameondoka, ameondoka. Sitatafuta ni za nani. Kama ni wewe na unasoma hapa: mimi niko dirisha la pili kutoka mlango wa bustani, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa moja na nusu. Ukipenda kuja saa saba watu wamepungua njoo saa saba, nitakula baadaye. Ukikosa nauli niambie.